Nina miaka 46, nimepata F ya hesabu, na chuo kimeniletea barua. Niache?

*"Mwalimu, jambo. Mimi ni mama wa miaka 46, Mkongomani wa Fizi. Tulikaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka 13, tukaletwa Marekani 2016, sasa tuko Iowa. Nyumbani nilikuwa muuguzi A2. Hapa nafanya kazi kiwanda cha nyama, shifti ya pili, naingia saa tisa mchana natoka saa sita na nusu usiku. Mwezi wa nane nilianza chuo cha jamii (community college) ili nirudie kazi yangu ya uuguzi. Niliambiwa nisipochukua masomo ya krediti 12 sipati msaada wa pesa. Mwezi wa kumi kaka yangu akafariki Bukavu. Nikaiacha anatomia, hesabu nikapata F, uandishi C, utangulizi wa afya B. Sasa imekuja barua, juu imeandikwa 'Warning', na watu wananiambia maana yake nimefukuzwa na nitarudisha pesa zote. Bwana yangu anasema samaki hukunjwa angali mbichi, niwaachie watoto shule. Muhula unaanza wiki ijayo na nimeshajiandikisha masomo manne, lakini nawaza nisiende tu, yaishe. Je, akili yangu imezeeka? Na jambo hili litaharibu makaratasi yetu ya uhamiaji?"*

Mama, kwanza pole sana kwa msiba. Kufiwa na ndugu aliye mbali, usione kaburi, na kesho yake uingie shifti kama kawaida, si jambo dogo. Nitalirudia, kwa sababu lina uzito hata mbele ya chuo.

Una wiki moja, kwa hiyo naanza na la haraka. Lolote utakaloamua, usifanye hilo la "nisiende tu". Kwetu mtu akiacha kufika darasani, mwalimu anaelewa kuwa ameacha, na habari inakwisha. Hapa haiishi. Umejiandikisha masomo manne, na kwenye kompyuta ya chuo wewe ni mwanafunzi wa masomo manne mpaka utakapojitoa mwenyewe, kwa fomu au kupitia akaunti yako. Usipotokea, mara nyingi linalofuata ni F nne, na ada inabaki juu yako, kwani msaada wa serikali haulipii somo ambalo hukuwahi kukanyaga darasani kwake. Miaka hii yote ya kushauri wanafunzi watu wazima, waliofeli mtihani hawakunitisha sana. Walionitisha ni walionyamaza kwa aibu, halafu baada ya mwaka mmoja wakarudi wakakuta deni limewafungia mlango. Fungua kalenda ya chuo leo, utafute tarehe ya mwisho ya kuondoa somo bila kulipa. Iandike kwenye karatasi, ubandike kwenye friji.

Sasa hiyo barua. Hujafukuzwa. Neno lililo juu yake ni onyo, tena kwa kawaida halitoki kwa walimu wako bali kwenye ofisi ya msaada wa fedha. Sheria ya serikali kuu inakitaka kila chuo kihakikishe kwamba anayepokea pesa zake anasonga mbele. Chuo hupima vitu viwili kila muhula: wastani wa alama, ambao vyuo vingi huutaka usishuke chini ya 2.0, yaani C. Na sehemu ya krediti ulizozimaliza kati ya zile ulizozianza, ambayo kwa kawaida isipungue theluthi mbili. Kipo na kipimo cha tatu, kwamba usizidishe mara moja na nusu ya urefu wa programu, lakini hicho bado hakikuhusu.

Tupige hesabu yako kwa mkono. Ulianza krediti 12: anatomia 4, hesabu 3, uandishi 3, afya 2 (nimekadiria kwa kawaida ya vyuo, wewe angalia zako). Ulizomaliza ni uandishi na afya, jumla 5. Tano kwa kumi na mbili ni kama asilimia 42. Kwenye wastani, anatomia uliyoiacha haihesabiwi, lakini F ya hesabu inahesabiwa, na inakushusha hadi 1.5. Vipimo vyote viwili umeanguka, ndiyo maana barua ikaja. Ila chuo kinachopima kila muhula kinaruhusiwa kukupa onyo kwanza, na katika muhula wa onyo pesa inaendelea kutoka. Wiki ijayo msaada wako upo. Kinachoweza kuusimamisha ni matokeo ya mwezi wa tano.

Kuhusu kurudisha pesa, hao wanaokutisha wamesikia jambo la kweli wakalibandika mahali si pake. Sheria ya kurudisha ipo, ila inamkuta mtu aliyeacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita. Wewe uliacha somo moja, matatu ukaendelea nayo hadi mwisho, kwa hiyo sheria hiyo haikugusi. Na uhamiaji: alama zako haziwahusu. Wanaopaswa kulinda masomo yao ili wabaki nchini ni wale walioingia kwa viza ya mwanafunzi, na wewe uliletwa kama mkimbizi. Ukiwa na shaka nyingine yoyote kuhusu makaratasi, iwe uraia au kadi ya mtoto, mwone mwanasheria wa uhamiaji ana kwa ana. Usiniulize mimi, wala usiulize pale kanisani baada ya ibada.

Sasa kuna neno moja uliloambiwa ambalo nadhani ndilo lililokuponza, nalo ni krediti 12, yaani mzigo wa kusoma muda wote. Ruzuku ya Pell, ambayo ndiyo hasa inayowalipia watu wa kipato kama chako, haimtaki mtu asome muda wote. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395, na hutolewa kulingana na wingi wa krediti: ukichukua 6 badala ya 12, unapata nusu. Ada nayo inapungua, kwa sababu unalipia krediti chache. Na haki yako ya kupata ruzuku hii maishani, ambayo ni sawa na mihula 12 ya muda wote, inapungua kwa nusu muhula tu kila muhula. Aliyekwambia "12 la sivyo hupati" pengine alikuwa na skolashipu fulani kichwani, au alikuwa amezoea vijana wa miaka 18 wanaokaa kwa wazazi. Nawafahamu washauri wa namna hiyo. Si watu wabaya. Wana wanafunzi mia kadhaa kila mmoja, na dakika kumi na tano za kukusikiliza.

Lakini nisikudanganye kwamba kwenda polepole hakuna gharama. Wanaosoma nusu muda huchukua miaka mingi, na katika miaka mingi mengi hutokea: mtoto anaugua, gari linakufa, shifti inabadilishwa. Mfano unaotajwa sana ni mpango wa ASAP wa vyuo vya jamii vya jiji la New York, ulioanza 2007. Wenyewe waliwataka wanafunzi wasome muda wote, na waliohitimu ndani ya miaka mitatu walifika asilimia 40, wakati wenzao waliokuwa nje ya mpango walikuwa 22. Ila tazama walichopewa: kadi ya usafiri, vitabu, ada iliyobaki, na mshauri mwenye wanafunzi wachache anayekujua kwa jina na kukupigia simu usipoonekana. Huwezi kuuchukua mzigo wa ASAP bila mikono iliyousaidia kuubeba. Wewe ulibeba krediti 12 na saa arobaini za kiwanda, juu yake ukawekewa msiba.

Akili sasa. Kuna kinachopungua na umri, sitakificha: wepesi wa kushika jambo jipya na kuchezea mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja hushuka taratibu tangu ujanani. Msamiati na maarifa ya kazi, kwa upande mwingine, huendelea kukua kwa miaka mingi. Mtu aliyewahi kumwona mtoto mwenye upungufu wa damu pale Nyarugusu haanzi sifuri katika somo la damu. Ana pa kulitundika. Umri hautoshi kueleza F yako. Nina washukiwa watatu wengine.

Wa kwanza ni usingizi. Unatoka kazini saa sita na nusu usiku, unafika nyumbani saa saba, unaoga harufu ya kiwanda, na kama darasa ni saa mbili asubuhi unalala kwa saa nne au tano tu. Yale tuliyojifunza mchana hupangwa na kukazwa wakati wa usingizi. Ukiukata, unasoma na kumwaga.

Wa pili ni namna ya kusoma. Naomba unijibu kwa moyo: je, ulikuwa unakinakili kitabu kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, kisha unarudia kuusoma mpaka macho yanachoka? Nauliza kwa sababu mimi pia nililelewa hivyo, huko Tanzania. Tuliandika "notisi" mpaka vidole vikaota sugu. Mwaka 2006 watafiti wawili Wamarekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma; wengine wakarudia kuvisoma, wengine wakafunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walioandika kwa kukumbuka ndio walioongoza. Kurudia kusoma hukupa hisia ya kujua, na mtihani hauulizi hisia. Kwa hiyo soma kurasa mbili, funga, chukua karatasi chafu, andika ulichobaki nacho, kisha fungua ujisahihishe. Inauma. Dakika ishirini za namna hiyo wakati wa mapumziko kazini zinaweza kuzidi saa mbili za kunakili.

Mshukiwa wa tatu simwoni akitajwa mara nyingi, nami nimemkamata kwa Wakongomani wengi. Ulijifunza hesabu kwa Kifaransa, kwa mtindo wa Kibelgiji. Kwako 2,5 ni mbili na nusu. Hapa wanaandika 2.5. Kwako 1.250 ni elfu moja mia mbili hamsini. Kwa muuguzi wa Iowa hiyo hiyo ni moja na robo. Kwenye gawanya, umezoea kigawanyo kikae kulia, na jibu chini yake. Mwalimu wako anakiweka kigawanyo kushoto na jibu linapanda juu, kwa hiyo akiandika ubaoni unaona kama kinyume cha dunia. Na moja yako! Sisi wa shule za Kiingereza tunachora kijiti tu. Ninyi mnaipa mkono mrefu unaopanda kutoka chini, na Mmarekani akiiona anasoma saba. Niliwahi kukaa na mwanafunzi kutoka Bukavu tukapitia mtihani wake wa hesabu wenye alama 54. Maswali matano alikuwa amepata, mwalimu akasoma 7 palipokuwa na 1. Hakuwa amelalamika, kwa kuwa aliamini mwalimu hakosei.

Chukua mitihani yako ya muhula uliopita uipitie kwa jicho hilo. Kama ni hivyo, tatizo lako lina tiba ya wiki mbili: andika moja kama kijiti, acha koma za desimali, na ujizoeze kugawanya kwa mtindo wao. Kazi unayoitaka inakulazimu ujue hayo kuliko mtu mwingine yeyote, maana dozi ikikosewa nukta moja mgonjwa anapokea mara kumi, au mara elfu.

Basi ufanye nini wiki ijayo? Naziona njia tatu.

Ya kwanza ni kubaki na masomo manne ili ujikomboe haraka. Kwa hesabu zetu unahitaji kumaliza angalau krediti 9 bila kuanguka hata moja ndipo ufike theluthi mbili mwezi wa tano. Kwa shifti yako na msiba ulio mbichi, mimi nisingekushauri.

Ya pili ni kuondoa masomo mawili kabla ya tarehe ile ya friji, ubaki na hesabu unayoirudia na jingine moja lisilo zito. Anatomia iache kwanza. Ni somo la kuchukuliwa peke yake, katika muhula uliotulia, kwa sababu programu za uuguzi huiangalia sana alama yake wanapochagua wa kuingia. Ukipata B mbili, vyuo vingi vitaiondoa F kwenye wastani baada ya kurudia, na utapanda juu ya 2.0 vizuri. Lakini upande wa krediti utakuwa 11 kwa 18, asilimia 61. Bado chini. Maana yake mwezi wa tano huenda ukapata barua nyingine, ya kusimamishiwa msaada, na hapo utaandika rufaa. Nakwambia sasa ili barua hiyo isikuvunje moyo ikifika. Utakuwa na muhula safi mkononi, na rufaa ya mtu aliyepunguza mzigo akafaulu ina nguvu.

Rufaa inataka mambo mawili: nini kilitokea, na nini kimebadilika. Hapa ndipo msiba unapoingia. Najua kwetu mtu hatumii kifo cha ndugu kuombea pesa, na wengi wenu mnaandika tu "nilikuwa na matatizo ya kifamilia". Usifanye hivyo. Kufiwa na ndugu ni sababu iliyotajwa ndani ya sheria yenyewe. Andika jina la uhusiano, mwezi, mji, na wiki ulizokosa. Cheti cha kifo kutoka Bukavu hakipatikani kirahisi, na ofisi nyingi zitapokea barua ya mchungaji au ya kiongozi wa jumuiya yenu. Iombe sasa, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Ya tatu ni kujitoa muhula mzima, kwa utaratibu, kabla ya kuanza, ukatumia miezi hii kwingine. Chuo chako karibu hakika kina madarasa ya Kiingereza na hesabu kwa watu wazima ambayo hayalipiwi na hayagusi ruzuku yako. Na Iowa ina mpango uitwao Gap, unaolipia kozi fupi zisizo na krediti kwa wenye kipato kidogo. Kozi ya msaidizi wa muuguzi ni mojawapo ya kuuliza. Kiwango cha chini cha serikali kuu ni saa 75 tu. Ungeweza kuhama kiwanda ukaingia nyumba ya wazee, karibu na wagonjwa na labda kwa shifti ya mchana. Uliza mshahara kabla, kwani viwanda vya nyama mara nyingi hulipa zaidi. Onyo lako halitafutika kwa kupumzika. Utalikuta pale pale.

Mimi ningechukua ya pili kama unaweza kupata usingizi wa muda wa saa sita, na ya tatu kama huwezi. Kuhusu cheti chako cha A2, kipeleke kikatathminiwe ikiwa unacho, ila usingoje kikufungulie mlango mkubwa. Ni cha ngazi ya sekondari, na wauguzi waliosajiliwa hapa wamesoma juu ya hapo.

Kwa bwana yako sitaki kuingia kati. Nitasema tu kwamba ile methali wazee waliitumia kwa malezi, mtoto afundwe mapema. Tanzania, nchi ile iliyowahifadhi, iliwahi kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wenye mvi wakajifunza kusoma chini ya miembe. Pengine methali siyo inayomsumbua. Amekuona unalala kwa saa nne tu, nyumba imenyamaza, na barua imekuja ya kutisha. Mwonyeshe ratiba ya masomo mawili na saa za kulala, halafu msikilize.

Ni nani umwendee ana kwa ana? Ofisi ya msaada wa fedha, siku ya Jumatatu, na barua yako mkononi. Omba mkalimani wa Kiswahili, si aibu, na usimtumie mtoto. Uliza kama chuo kina mshauri wa PACE, mpango wa Iowa unaowashika mkono wanafunzi wenye kipato kidogo, au ofisi ya TRIO inayowasaidia wanafunzi ambao wazazi wao hawakusoma chuo. Na kama usiku usingizi haupatikani hata ukiwa na nafasi, unaamka ukilia, chakula hakipiti, au unawaza heri usingekuwepo, nenda kwa daktari au mshauri nasaha kabla ya hayo yote. Ukizidiwa na mawazo ya kujidhuru, piga 988 saa yoyote, hailipiwi.

Wa mwisho ni mwalimu wako wa hesabu. Kwenye silabasi ameandika saa za ofisi. Shuleni kwetu kuitwa ofisini ilikuwa ni kwenda kuchapwa. Hapa ni saa ambazo analipwa akungoje, na wengi hukaa peke yao wakinywa kahawa. Mpelekee mtihani mmoja wa zamani na kalamu. Mwandikie moja yako na saba yako, umwulize anasoma nini.